Keshia wa Benki: Maswali ya Kujiuliza Kabla ya Kuingia Usailini

Bismillahir Rahmanir Rahim. Shukrani zote njema ni za Allah (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba zake.



Somo letu la toleo hili ni la fiqhi ya kazi. Kila mwaka ndugu zetu wanaomaliza masomo ya uhasibu na biashara wanauliza swali moja: "Nimeitwa usaili wa ukeshia katika benki ya kawaida. Niende au nisiende?" Kwa kawaida wanapata jibu la neno moja. Wengine huambiwa "haramu" na mazungumzo yanaishia hapo. Wengine huambiwa "darura" na mazungumzo yanaishia hapo pia. Majibu yote mawili hutolewa kabla mtu hajaulizwa hiyo kazi ina nini ndani yake.

Mimi ni mwanafunzi wa masomo ya Kiislamu, sina cheo cha kutoa fatwa na wala sitaitoa hapa. Ninachotaka tujifunze pamoja ni njia ya kulichambua jambo hili. Mkusudio wa somo ni huu: hukumu inafuata kazi utakayoifanya kwa mkono wako, haifuati jina lililoandikwa kwenye tangazo. Kwa hiyo tusome maelezo ya kazi, tuulize usailini, kisha tuwaulize wenye elimu tukiwa na majibu mkononi.

Mfano wangu mkuu ni wa rafiki yangu wa hapa Gisenyi. Yeye amemaliza uhasibu, nami nilikaa naye nyumbani siku nne tukijiandaa kwa usaili wa benki moja ya mjini ambayo sitaitaja. Ameniruhusu kuandika, kwa sharti nisitaje jina lake.

1. KESHIA ANAFANYA NINI?

Tuanze na kazi yenyewe. Keshia ndiye anayekaa dirishani. Asubuhi anakabidhiwa fedha za kuanzia, anazihesabu mbele ya msimamizi na kutia saini. Mchana kutwa anapokea fedha za watu wanaoweka na kuwalipa wanaotoa. Anakagua noti bandia, anahakiki kitambulisho na saini, anapokea hundi, anatuma fedha. Jioni anafunga hesabu: fedha zilizomo kwenye droo lazima zilingane na zilizoandikwa kwenye kompyuta.

Hapa kwetu Rubavu kuna jambo jingine. Mji wetu umepakana na Goma, na kila siku wafanyabiashara wadogo, wengi wao akina mama, wanavuka Petite Barrière kwenda na kurudi. Faranga za Rwanda, faranga za Congo na dola za Marekani zinazunguka katika soko moja. Wavunjaji fedha ni sehemu ya maisha ya mji huu. Mwaka 2025, mabenki ya Goma yalipofunga milango, watu wa ng'ambo walivuka kuja kutafuta fedha upande huu. Kwa hiyo keshia wa Gisenyi anatakiwa kuelewa fedha za kigeni na kuelewa lugha za watu. Mama wa Goma akisema anataka "makuta" yake, keshia ajue kwamba anadai pesa zake.

Mpaka hapo hatujaona riba. Tumeona amana, hesabu na kubadilisha fedha. Kwa hiyo tuulize riba inaingilia wapi.

2. RIBA INAINGILIA WAPI?

Wengi wetu tunadhani fedha tunayoweka benki ni amana, kama mtu aliyeacha mzigo wake kwa jirani. Kifiqhi sivyo. Amana halisi inarudishwa yenyewe kama ilivyo, na aliyeitunza hawajibiki ikipotea bila ya uzembe wake. Benki haitunzi noti zako. Inazitumia, kisha inakudhaminia kiasi chake. Hilo ni deni, yaani mkopo uliouipa benki.

Maswahaba walilijua jambo hili kabla ya kuwepo mabenki. Katika Sahih al-Bukhari imepokewa habari ya Zubayr bin al-Awwam (R.A.). Watu walikuwa wakimletea mali zao awawekee. Yeye alikataa zisiwe amana na akataka ziwe mkopo juu yake, kwa sababu alichelea zisije zikapotea nao wakakosa haki yao. Alipofariki, mwanawe Abdullah alihesabu madeni hayo akakuta yamefikia 2,200,000. Aliuza mali ya baba yake, akalipa, na kwa miaka minne akawa anatangaza wakati wa Hija kwamba anayemdai Zubayr aje. Habari hiyo haitaji mtu yeyote aliyelipwa zaidi ya alichoweka.

Sasa weka mfano huo pembeni ya benki ya kawaida. Fedha yako ni mkopo kwa benki. Benki ikikuongezea asilimia fulani kwa mwaka, hilo ni ongezeko juu ya mkopo. Benki ikimkopesha mwenzako na kumtoza asilimia fulani, hilo nalo ni ongezeko juu ya mkopo. Allah (S.W.) ameihalalisha biashara na kuiharamisha riba (Qur'an 2:275), na akawaonya wasioiacha kwa onyo zito la vita kutoka Kwake na kwa Mtume Wake (2:278-279). Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilipokutana Jeddah mwezi Disemba 1985 lilipitisha kwamba faida inayotozwa au kutolewa na mabenki juu ya mikopo ni riba iliyoharamishwa. Kwa hiyo tusipoteze muda kujadili kama riba ya benki ni riba. Swali letu ni la keshia: je, mkono wake umeigusa?

Hapa ndipo hadithi ya Jabir (R.A.) katika Sahih Muslim inapotutia hofu. Mtume (S.A.W.) alimlaani mwenye kula riba, mwenye kuilisha, mwandishi wake na mashahidi wake wawili, akaeleza kwamba wote hao wako sawa. Mwandishi hakula kitu, shahidi hakula kitu, lakini wametajwa pamoja na mlaji. Mwenye kusema "mimi ni mfanyakazi tu" aisome hadithi hii mara mbili.

3. WANAVYUONI WAMESEMAJE?

Nitataja misimamo mitatu inayojulikana, kwa ufupi.

(a) Msimamo wa kuzuia kabisa. Sheikh Abdul-Aziz bin Baz (aliyefariki 1999) na wanavyuoni waliofuata njia yake wanasema haifai kufanya kazi katika benki ya riba, kwa sababu ni kusaidiana katika dhambi, jambo lililokatazwa katika Qur'an 5:2. Kwao hata mlinzi wa mlangoni anaingia.

(b) Msimamo wa kutenganisha kazi na kazi. Mufti Muhammad Taqi Usmani wa Pakistan anatofautisha kazi zinazohusika moja kwa moja na riba, kama kuandika mikataba yake, kuishuhudia au kuikusanya, na kazi zisizohusika nayo moja kwa moja. Za kwanza ni haramu, za pili ana nafasi kwazo.

(c) Msimamo wa kuzingatia hali ya jamii. Sheikh Yusuf al-Qaradawi (aliyefariki 2022) aliona kwamba kazi nyingi za benki zenyewe si haramu, na kwamba Waislamu wote wakijitoa huko, mambo ya fedha yatabaki mikononi mwa wasiojali halali na haramu. Alimruhusu mwenye haja, huku moyo wake ukiwa hauridhii riba.

Wapo wanaotumia kisa cha Nabii Yusuf (A.S.) kuunga mkono kazi ya benki, kwa kuwa aliomba asimamie hazina za nchi ya Misri chini ya mfalme, akajieleza kuwa ni mtunzaji mjuzi (12:55). Ni dalili nzuri juu ya kufanya kazi ya fedha chini ya utawala usio wa Kiislamu. Lakini Yusuf (A.S.) alisimamia ghala za chakula kwa ajili ya miaka ya njaa. Hakupewa daftari la riba. Qiyasi ikivutwa kupita mahali pake hukatika.

Ukiitazama misimamo hii utaona kwamba hata wanaotoa ruhusa wanauliza swali lile lile: kazi yako hasa ni ipi? Bila ya kulijibu, huwezi kujua uko kwenye fatwa gani.

4. KUSOMA TANGAZO KWA KALAMU

Rafiki yangu alikuja na tangazo limechapishwa kwenye karatasi. Mama yake anauza mboga soko la Mbugangari, wadogo zake wawili wako shule, na ada ya muhula ilikuwa inadaiwa. Hakuja kuuliza fiqhi kwa ajili ya mjadala. Alitaka kujua kama awapelekee nyumbani habari njema au la.

Tulichukua kalamu tukagawa majukumu katika mafungu matatu: yaliyo wazi kuwa ni halali, yaliyo wazi kuwa ni haramu, na yenye shubha. Mgawanyo huu tumeutoa katika hadithi mashuhuri ya Nu'man bin Bashir (R.A.), kwamba halali iko wazi, haramu iko wazi, na baina yake kuna yenye kutatiza ambayo watu wengi hawayajui.

Kupokea na kulipa fedha, kukagua noti, kutunza siri ya mteja, kufunga hesabu: tuliyaweka fungu la kwanza kama kazi zenyewe, tukijua kwamba wenye msimamo (a) hawakubaliani nasi.

Kubadilisha fedha za kigeni: hapa tulisimama kidogo, kwa sababu mlango huu una masharti yake. Ni somo la sarf. Katika hadithi ya Ubada bin as-Samit (R.A.) aliyoipokea Muslim, dhahabu kwa dhahabu ni sawa kwa sawa na mkono kwa mkono, na aina zikitofautiana watu wauze watakavyo ikiwa ni mkono kwa mkono. Baraza la Fiqhi, katika kikao chake cha Amman mwezi Oktoba 1986, lilithibitisha kwamba sarafu za karatasi zina hukumu ya dhahabu na fedha katika mambo ya riba. Kwa hiyo dola kwa faranga inaruhusiwa kwa bei mnayokubaliana, ilimradi pande zote mbili zikabidhiane pale pale. Mteja atoe dola, apokee faranga, aondoke. Hilo likatimia, ni halali.

Kupokea marejesho ya mikopo: shubha nzito. Keshia hakuandika mkataba, lakini anapokea fedha ambayo ndani yake mna riba na kuiingiza kwenye hesabu. Je, huyu ni mkusanyaji wa riba, au ni mpokeaji wa deni lililoandikwa na wengine? Tuliliandikia alama ya kuuliza.

Kisha likaja jukumu la mwisho, mstari mmoja mfupi: "kuhamasisha wateja kuhusu bidhaa za benki". Rafiki yangu alitaka kuupita. Nikamuuliza, bidhaa za benki ni zipi? Benki haiuzi sukari. Bidhaa zake ni akaunti za akiba zenye faida, mikopo ya mishahara, mikopo ya biashara. Mstari ule ungeweza kumaanisha kumwelekeza mteja dawati sahihi. Ungeweza pia kumaanisha kumshawishi mama wa sokoni achukue mkopo wa riba. Tofauti ya mambo hayo mawili ni kubwa, na karatasi haikuitaja. Ilibidi aliulizie usailini.

Angalia faida ya njia hii. Kuhudhuria usaili si mkataba. Ni kikao cha pande mbili kujuana, nawe una haki ya kuuliza kama wao.

5. KUJIANDAA: MASWALI YANAYOULIZWA

Ukiamua kwenda, nenda umejiandaa. Kumwakilisha Muislamu aliyezembea ni hasara nyingine. Binti wa mzee wa Madyan alipompendekeza Musa (A.S.) kwa baba yake, alitaja sifa mbili za mwajiriwa bora: nguvu na uaminifu (28:26). Nguvu ya keshia ni ujuzi wa hesabu na utulivu. Uaminifu unaujua. Maswali mengi ya usaili yanapima hayo mawili.

Hesabu ya haraka. Fanya mazoezi bila ya simu. Mfano tulioufanya: mteja ameleta noti 37 za 5,000, noti 64 za 2,000, noti 115 za 1,000 na noti 48 za 500. Jumla ni ngapi? Ni 185,000 na 128,000 na 115,000 na 24,000, yaani faranga 452,000. Rudia kwa tarakimu nyingine mpaka usikwame.

"Jioni umekuta droo imezidi faranga 20,000. Utafanya nini?" Hili ni swali la uaminifu lililovaa nguo za hesabu. Wapo wanaojibu kwamba wataziweka pembeni zifidie siku watakayopungukiwa. Jibu hilo linaharibu kila kitu, kibenki na kidini. Fedha ile si yako wala si ya droo yako, ina mwenyewe. Jibu sahihi: nitahesabu tena, nitapitia risiti za siku nzima, nitamjulisha msimamizi kabla ya kufunga, ziandikwe kama ziada, na mwenyewe atafutwe. Allah (S.W.) ametuamrisha kuzirudisha amana kwa wenyewe (4:58). Mtume wetu (S.A.W.), usiku wa kuhama Makka, alimwacha Ali (R.A.) nyuma ili arudishe amana za watu, na wengi wa watu hao walikuwa maadui zake.

"Mjomba wako anataka kujua salio la mshirika wake wa biashara. Utamwambia?" Hapana, kwa upole. Mwambie mjomba kwamba huyo mshirika ndiye wa kuulizwa. Siri ya mteja ni amana, na sheria za nchi nazo zinailinda. Kwetu ambako kila mtu anamjua kila mtu, swali hili lina uzito kuliko mnavyodhani.

"Mteja mzee hajui kusoma, anataka umjazie fomu." Msaidie kwa utaratibu wa benki, mbele ya shahidi anayekubalika, msomee kiasi kwa sauti ndogo, kisha mhesabie fedha mbele ya macho yake. Usimwonee haya wala usimtie haya.

"Kwa nini tukuchukue wewe?" Taja Kiswahili. Tangu 2017 Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda pamoja na Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. Congo nayo imeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Keshia wa Gisenyi anayeweza kumhudumia mteja wa Ruhengeri kwa Kinyarwanda na mteja wa Goma kwa Kiswahili ni mali ya benki. Sisi Waislamu wa Rwanda lugha hii tumelelewa nayo misikitini na mitaani. Itumie.

Kuhusu mavazi na adabu: hijabu safi iliyopigwa pasi, rangi tulivu, uso mkunjufu. Dada asiyewapa mkono wanaume aweke mkono kifuani, aanze yeye kusalimia kwa tabasamu, na mambo yataenda. Masuala ya sare na swala yaache mpaka wakuulize kama una swali. Kwetu Adhuhuri huingia karibu na saa sita mchana na Alasiri kabla ya saa kumi, na zote mbili huangukia saa za kazi. Omba dakika kumi kwa kupokezana dirisha na mwenzako. Ukiomba kwa heshima na kwa mpango, mara nyingi hupewa.

6. SWALI LAKO KWAO

Tulilifanyia mazoezi swali lile moja mara nyingi kuliko mengine. Nilijifanya mkuu wa jopo, yeye akajifunza kuuliza bila ya kuhutubia. Jopo la usaili halikuja kusikiliza darsa ya riba. Aliishia na maneno haya: "Katika majukumu nimeona kuhamasisha wateja kuhusu bidhaa. Je, keshia anapimwa kwa idadi ya wateja wa mikopo anaowaleta?"

Siku ya usaili aliwauliza. Walimjibu kwa uwazi, na kwa hilo nawashukuru: kila keshia ana idadi yake ya mwezi ya wateja wa kuwapeleka dawati la mikopo, na idadi hiyo inaingia katika tathmini yake ya mwaka. Akauliza kama inawezekana apangiwe dirisha la fedha za kigeni pekee. Wakasema hawawezi kuahidi, kwa sababu makeshia hubadilishana madirisha.

Kwa hiyo alirudi na jibu. Lile fungu la shubha lilikuwa limepungua, na sehemu yake kubwa ilihamia upande usiopendeza.

7. BAADA YA USAILI

Siku ya tano walimpigia simu, wakampa nafasi. Ndugu zangu, hapa ndipo elimu inapopimwa. Kusema "haramu" ukiwa hujaitwa ni rahisi. Yeye alikuwa na barua mkononi, na ada ya wadogo zake inadaiwa.

Tulikwenda kwa ustadh wetu. Hakuanza kwa dalili. Aliuliza: kazi hasa ni ipi? Nyumbani mnakula nini sasa hivi? Je, mlango mwingine upo, hata mdogo? Rafiki yangu akajibu kwamba duka moja la vifaa vya ujenzi lilikuwa limemtaka aandike hesabu zao, kwa mshahara usiofika nusu ya ule wa benki. Ustadh akamkumbusha kanuni mbili tunazozisoma pamoja: darura huhalalisha yaliyokatazwa, na darura hupimwa kwa kadiri yake. Kadiri yake maana yake ni kwamba mlango wa halali ukiwepo na unatosha kushika maisha, darura haijafika, hata kama mlango wenyewe ni mwembamba. Akamwambia aswali istikhara na aamue mwenyewe.

Aliamua duka. Sitawaambia kwamba mambo yamefunguka ghafla. Ada ililipwa kwa mafungu, na bado anatembea kwa miguu kwenda kazini ili abakishe nauli. Mama yake siku ya kwanza hakufurahi, na ana haki ya kutofurahi.

Yupo pia kaka mmoja tuliyekuwa naye katika jumuiya, ambaye anakaa dirishani mpaka leo katika mji mwingine. Baba yake ni mgonjwa, na alipouliza, hakuwa na mlango wa pili. Aliambiwa aingie kwa kadiri ya haja, achukie riba moyoni, asimshawishi mtu kuikopa, na aendelee kutafuta kwingine. Anatafuta. Huyu naye ni ndugu yetu, na anayemsengenya msikitini kwa kazi yake amejitwika dhambi asiyokuwa na haja nayo.

Milango ya halali katika sekta ya fedha nayo inaongezeka katika ukanda wetu, na mhasibu aijue. Kenya ilipata Gulf African Bank mwaka 2008. Tanzania ilipata Amana Bank mwaka 2011. Uganda ilibadili sheria yake ya mabenki mwaka 2016 kuruhusu benki za Kiislamu, na Salaam Bank ikapata leseni mwaka 2023. Benki hizi zinahitaji makeshia, wahasibu, na watu wanaoijua fiqhi ya biashara. Mwanafunzi wa uhasibu aliyesoma murabaha na mudharaba, na mwanafunzi wa sharia aliyesoma uhasibu, wote wawili wana pa kwenda. Hapa Rubavu itatubidi wengine tuivuke mipaka ili turudi na ujuzi.

8. MUHTASARI

Kwanza, usiombe fatwa juu ya jina la kazi. Omba fatwa juu ya majukumu, moja baada ya jingine.

Pili, soma tangazo kwa kalamu, ugawe mafungu matatu. Mstari mfupi usioeleweka ndio wa kuuliza.

Tatu, jiandae kama mtu anayeitaka kazi, na uulize kama mtu anayeitaka Akhera.

Nne, tafuta mlango wa pili kabla hujasema "darura". Usiposhughulika kuutafuta hujui kama haupo.

Tano, baada ya kuamua, usimhukumu mwenzako aliyeamua tofauti huku hujui chungu chake kinachemka nini.

MASWALI YA HALAQA

1. Kupokea marejesho ya mkopo dirishani kunaingia katika kuandika riba au hakuingii? Toeni hoja za pande zote mbili.
2. Mteja ametoa dola leo na anataka faranga zake zilipwe kesho kwa bei ya leo. Sarf hii inaswihi?
3. Wakala wa kutuma na kutoa fedha kwa simu akiombwa awasajili wateja kwa huduma ya mikopo, majukumu yake yagawanywe vipi katika mafungu matatu?
4. Jumuiya yetu ifanye nini ili ndugu anayemaliza masomo awe na mlango wa pili?

Swali la nne msiliache kwa kukosa muda. Rafiki yangu aliupata mlango wa pili kwa sababu mwenye duka alimjua. Wapo wasiojulikana na mtu yeyote.

Ewe Mola wetu, tutosheleze kwa halali Yako tusiihitaji haramu, turuzuku kutoka tusikotazamia, na utufanye waaminifu mahali popote utakapotuweka. Amin.

Wabillahi tawfiq.